Lindo

Ghorofa ya nne, hapa Kayole, haina lifti.
Syokau huipanda kwa vituo, kama Njia ya Msalaba:
cha kwanza, penye mita za stima;
cha pili, mlangoni kwa fundi cherehani, anayemsogezea kigoda bila kuuliza;
cha tatu hakina kitu, ni ukuta tu. Anauegemea,
midomo imekuwa zambarau.

Mwaka mzima tulisema ni pumu.
Tukasema ni jiko la makaa, ni vumbi la barabara mpya.
Mama yake akasema ni jicho la mtu.
Julai, baridi ilipobana, vidole vyake vikawa vyeupe ndani ya beseni la nguo,
kisha buluu, kisha vyekundu.
Tukacheka. Tukaviita bendera.

Daktari Hamdi hakucheka. Alivishika vidole vile
kama mtu asomaye barua ya msiba.
Akampaka jeli kifuani, akanigeuzia kioo nami nione:
moyo, upande wa kulia, umetuna
kama paja la msukuma mkokoteni.
"Mishipa ya mapafu imekuwa myembamba," alisema,
"na moyo unasukuma damu pasipopitika."
Nikauliza, nani kaibana?
Akaitazama sare yangu, nembo ya kampuni, rungu kiunoni.
"Walinzi wake," akasema.

Akaeleza polepole. Kwamba chembe nyeupe
huzunguka mwilini usiku na mchana, zikikagua kila apitaye;
kwamba za Syokau zimesahau sura ya mwenye nyumba.
Zinajipenyeza kwenye kuta za mishipa, zinapiga mbiu, zinaitana,
na ukuta, kila ukijeruhiwa, unajikandika plasta juu ya plasta,
hata njia ya damu inabaki uzi.
Hakuna mdudu, alisema. Hakuna mgeni aliyeingia.

Wahenga walinena: kikulacho ki nguoni mwako.
Nguo huvuliwa.

Sikumwambia daktari, wala Syokau simwambii,
lakini habari ile niliijua.
Lavington, mwaka wangu wa pili kazini, saa tisa usiku, stima zimepotea,
mtu akapenya ua wa michongoma.
Nilipiga kwanza. Nikapuliza filimbi, wenzangu wa lango la pili wakaja mbio,
wakapiga kwa sababu mimi napiga.
Tochi ilipowaka, alikuwa kijana wa mle mle ndani,
kasahau ufunguo.
"Musembi, ni mimi." Mkono umevunjika.
Alikuwa akinitaja tangu mwanzo.
Nilisikia sauti. Jina sikulisikia.

Kwa hiyo siwezi kuzilaani chembe zile.

Kuna vidonge vya kuzishusha rungu,
ila zikilala sana, mwizi wa kweli naye ana masikio:
basi Syokau huenda sokoni kafunika pua,
na mtoto wa jirani akikohoa, tunafunga dirisha.
Kuna vingine vya kulegeza mishipa, vile vile
ambavyo wanaume huviagiza kwa kunong'ona.
Mwenye duka la dawa, River Road, alinikonyeza.
Nikamsukumia karatasi: mgonjwa, mwanamke, miaka thelathini na minne.
Akaisoma mara mbili. Akapunguza shilingi hamsini,
hakunitazama tena.

Natoka zamu saa kumi na mbili asubuhi.
Namkuta amelala ameketi, mito mitatu mgongoni,
redio inaongea peke yake.
Navua buti. Natoa mto mmoja, nauweka mgongo wake kifuani kwangu,
sikio langu katikati ya mabega yake,
na humo ndani nasikia kazi ikiendelea, hawapumziki.
Basi nazungumza nao, mlinzi kwa mlinzi,
kama tunavyokabidhiana kitabu cha matukio langoni:
huyu ni Syokau.
Anakaa hapa.
Mwangalieni vizuri, anakaa hapa.